Bili ya kodi ya jengo la biashara Uganda inatoka wapi, na inapunguzwaje

Mama yangu mdogo ana safu ya vyumba vya maduka kando ya barabara iendayo mpakani. Siku bili ya kodi ya majengo ilipomfikia, alinipigia simu hata adhuhuri haijafika. "Mwanangu, hawa watu wameandika pesa ambazo hata wapangaji wangu hawanilipi. Njoo twende ukaniombee wapunguze." Tukaenda. Kijana wa dirishani alitusikiliza kwa adabu, akafungua kompyuta, akatazama, kisha akasema: "Mama, mimi hapa napokea tu. Hii hesabu ilifungwa mwaka jana."

Alisema kweli. Mama mdogo alikuwa amekuja kubishana mahali ambapo hakuna tena wa kubishana naye. Nimekuwa nikiwasaidia wafanyabiashara kupanga hesabu zao kwa miaka kadhaa, na kosa hili nimeliona mara nyingi mno: watu wanaisubiri bili ndipo waanze kulalamika, ilhali bili ni mkia tu wa jambo lililoanza miezi mingi nyuma. Naandika haya ili mwenye jengo ajue aingilie wapi, na wakati gani.

Kwanza tuondoe utata wa neno lenyewe. Kiswahili chetu kinaita vitu viwili kwa jina moja: pesa anayokupa mpangaji ni kodi, na pesa inayodaiwa na serikali ni kodi. Kwa mazungumzo ya kawaida haina shida, lakini katika jambo hili ndipo watu wanapotea, kwa sababu kodi ya pili inahesabiwa kutokana na ile ya kwanza. Humu nitaita ya mpangaji pango, na ya serikali nitaiita kodi.

Hata kodi ya serikali si moja. Mwenye maduka ya kupangisha anakutana na mbili, na zinatoka ofisi tofauti. Kodi ya mapato ya pango ni ya Mamlaka ya Mapato, yaani URA, na huenda serikali kuu. Kodi ya majengo ni ya serikali ya mtaa: jiji, manispaa au halmashauri ya mji, na kwa Kampala ni KCCA, yaani mamlaka ya jiji hilo. Mtu binafsi hulipa URA asilimia 12 ya mapato ya pango yanayozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka, bila kutoa gharama yoyote. Utaratibu huo ulianza Julai 2022. Na sheria ya kodi ya majengo nayo ina asilimia 12 yake, ambayo ni kikomo cha juu ambacho halmashauri haiwezi kukivuka. Namba ni ile ile, mambo ni mawili. Nimewahi kukaa na mzee mmoja aliyeshikilia kabisa kwamba ameshalipa, akanionyesha risiti, nayo ilikuwa ya URA. Alikuwa mkweli mtupu, ila risiti yake haikuhusika na deni aliloitiwa.

Kuna na leseni ya biashara, ambayo inamfuata anayeuza dukani na wala haimfuati mwenye jengo. Ile migomo ya maduka ya Kampala ya Aprili 2024, iliyofunga Kikuubo na mitaa ya jirani, ilihusu hasa risiti za kielektroniki za URA. Kodi ya majengo haikuwa kiini chake. Ukichanganya haya utakwenda kulia kwenye mlango usio wako.

Sheria inayotawala kodi ya majengo ilipitishwa mwaka 2005, na mwaka huo si bahati tu. Ndio mwaka serikali iliposimamisha ile kodi ya kichwa ambayo wazee wetu wanaikumbuka kwa kukimbizwa alfajiri na kufungwa kamba. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini kodi ile ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo wa mapato ya halmashauri nyingi, na ilipoondoka, macho yakageukia majengo. Sheria hiyo inampa nafuu mtu anayeishi ndani ya nyumba yake mwenyewe: nyumba hiyo haitozwi. Ina maana mzigo umeegemea maduka, ofisi, loji, maghala, viwanda na nyumba za kupangisha. Ukiwa mfanyabiashara, fahamu kwamba wewe ndiye uliyebaki kwenye mizani.

Sasa hesabu. Ina hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni makadirio ya pango ambalo jengo lingeingiza kwa mwaka mzima likipangishwa sokoni. Hapa hawaulizi faida yako. Hawaulizi umeuza magunia mangapi ya sukari, wala shehena iliyomo dukani haihesabiwi. Swali ni moja: jengo hili, mahali hapa, kwa hali yake, mtu angelipangisha kwa kiasi gani? Ndiyo maana hata mwenye duka anayefanya biashara ndani ya jengo lake mwenyewe, bila mpangaji hata mmoja, hukadiriwa pango ambalo hajawahi kulipwa na yeyote.

Hatua ya pili ni kuondoa gharama za kulitunza jengo: matengenezo, bima na mengine ambayo mwenye nyumba angeyabeba. Kinachobaki ndicho thamani inayotozwa kodi. Hatua ya tatu ni asilimia ambayo halmashauri imepanga. Kampala imekuwa ikitoza 6. Kwingine uliza, kwa sababu kila halmashauri hujipangia yake chini ya kile kikomo cha 12.

Tuchukue mfano. Tufanye una vyumba 8 vya maduka katikati ya Arua, kila kimoja kinapangishwa shilingi 300,000 kwa mwezi. Kwa mwezi ni 2,400,000. Kwa mwaka ni 28,800,000. Tuseme, kwa ajili ya mfano huu tu, makato ya matengenezo ni robo, yaani 7,200,000. Inabaki 21,600,000. Asilimia 6 yake ni shilingi 1,296,000 kwa mwaka.

Sasa mthamini, yaani mtu anayekadiria thamani ya majengo kwa niaba ya halmashauri, alipita mtaani asione mkataba wako hata mmoja. Alitazama maduka ya upande wa pili wa barabara, mapya, yenye vigae na milango ya vioo, akakuwekea 400,000 kwa chumba. Piga tena: 38,400,000 kwa mwaka, toa robo, inabaki 28,800,000, na asilimia 6 ni 1,728,000. Tofauti ni shilingi 432,000. Mtu anaweza kusema si kitu. Lakini thamani haikadiriwi kila mwaka. Sheria inataka orodha ya uthamini, yaani orodha ya majengo yanayotozwa na thamani zake, ifanywe upya kila baada ya miaka mitano, kwa hiyo kosa la siku moja linakufuata miaka yote hiyo: 432,000 mara 5 ni 2,160,000. Na wakichelewa kufanya orodha mpya, jambo ambalo limetokea sana, ya zamani inaendelea kutumika. Kampala yenyewe ilikaa na orodha ya mwaka 2005 kwa zaidi ya miaka kumi kabla ya kuanza kuthamini upya, tarafa baada ya tarafa, ikitumia ramani za kompyuta na namba za nyumba.

Tazama basi ni wapi pesa imepotea. Asilimia haikubadilika, makato hayakubadilika. Kilichobadilika ni shilingi 100,000 za makadirio kwa chumba. Ukitaka kupunguza kodi kwa njia halali, hapo ndipo pa kuweka nguvu zako.

Mthamini huipataje ile namba? Hakuna jiji linaloweza kumtuma mtu akae na kila mwenye nyumba siku nzima. Hugawa mji kwa maeneo, hukusanya mifano ya pango, hutafuta kiwango cha kila mita ya mraba kwa kila eneo, kisha hupima majengo na kuzidisha. Duka linalotazama barabara kuu huwa na kiwango chake, la nyuma uchochoroni chake, la ghorofa ya tatu chake. Kwa majengo ambayo hayapangishwi kirahisi, kama kiwanda au kituo cha mafuta, mara nyingi huangalia ingegharimu kiasi gani kulijenga, wakatoa uchakavu. Kazi yenyewe si ya hila. Lakini ni kazi ya haraka inayogusa maelfu ya majengo, na haraka ina makosa yake.

Makosa ninayoyaona hayatofautiani sana. Vipimo vya nje vimechukuliwa kama ndivyo eneo la kupangisha, kwa hiyo ngazi, korido na choo cha pamoja vimehesabiwa kama duka. Chumba cha nyuma kisicho na mlango wa barabarani kimepewa bei ya chumba cha mbele. Ghorofa ambayo haijaisha, haina madirisha wala umeme, imeandikwa kama inayopangishwa. Jengo limeandikwa mara mbili, moja kwa jina la marehemu baba na lingine kwa jina la mtoto. Stoo imeitwa duka. Na barabara ikiwekwa lami, eneo zima hupandishwa daraja kwa mkupuo. Majiji na manispaa nyingi zimepata barabara nzuri kupitia mradi wa USMID uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, Arua ikiwemo. Lami kweli hupandisha pango, lakini haipandishi pango la kila kichochoro kwa kiasi kilekile.

Kwa mama mdogo tulikuta makosa mawili. Chumba cha mwisho cha safu yake, ambacho ndicho anacholala, kilikuwa kimeandikwa kama duka. Na nafasi ya nyuma iliyokuwa na kuta tu, bila paa, ilikuwa imepewa pango la mwezi. Tulifahamu haya baada ya kulipia nakala ya ukurasa wake katika orodha ya uthamini. Ukurasa huo ulikuwa umebandikwa hadharani kwa muda wote unaotakiwa na sheria, katika ofisi aliyoipita kila Jumanne akienda sokoni.

Hapo ndipo penye siku 30 za kuweka pingamizi. Orodha ikiisha kuandaliwa, haianzi kutumika papo hapo. Huwekwa wazi ili watu waikague, na tangazo hutolewa. Ndani ya siku 30, yeyote asiyeridhika anaweza kuandika pingamizi: kwamba thamani ni kubwa mno, kwamba jengo halikustahili kuwemo, kwamba jina au matumizi yamekosewa. Pingamizi hizo husikilizwa na mahakama ya uthamini, chombo kilichowekwa kwa kazi hiyo tu, na asiyeridhika na uamuzi wake anaweza kwenda Mahakama Kuu. Siku zikipita, orodha inathibitishwa, na kijana wa dirishani anabaki kusema anachosema.

Tangazo huwa kwa Kiingereza, kwenye Gazeti la Serikali, kwenye magazeti na kwenye ubao wa ofisi. Katiba ilipobadilishwa mwaka 2005, Kiswahili kiliwekwa kuwa lugha rasmi ya pili ya nchi, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likahimiza kitumike. Kwenye ubao ule bado hakijafika. Inaniuma kusema, maana katika miji ya mpakani kama Busia, Malaba na Arua biashara nyingi husemwa kwa Kiswahili, kuanzia mchuuzi wa samaki hadi dereva wa lori la Juba. Mtu anayejua bei ya kila kitu sokoni anapitwa na karatasi moja kwa sababu haimsemeshi. Mpaka hilo libadilike, fanya hivi: mwenyekiti wa LC 1, yaani baraza la kijiji au mtaa, na diwani wako hupata habari mapema wathamini wanapoingia mtaani. Ukiona vijana wenye fulana za kuakisi wakipima kuta kwa utepe, hesabu kwamba siku zako 30 za pingamizi zinakaribia, na uanze kuulizia ofisi ya mapato ya halmashauri kila mwezi kama orodha imetoka.

Wakija kupima, usiwafukuze. Najua wengine hufunga geti wakidhani wamekwepa. Mthamini aliyefungiwa geti hukadiria kutoka nje, na aliye nje haoni kwamba paa linavuja wala kwamba vyumba vitatu havina umeme. Mkaribishe, mwonyeshe kila chumba, mpe nakala ya mikataba. Andika jina lake na tarehe.

Na mikataba yenyewe? Hili ndilo tatizo kubwa la maduka yetu. Pango linalipwa mkononi, risiti hakuna, na mwenye nyumba anaogopa karatasi kwa sababu URA nao wanaweza kuiona. Naelewa hofu hiyo. Lakini mbele ya mahakama ya uthamini, mwenye mdomo mtupu hana kitu. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 2022 tayari inataka mapatano ya pango la kuanzia shilingi 500,000 yawe ya maandishi, na imeweka kikomo cha asilimia 10 kwa mwaka katika kupandisha pango. Mkataba wa maandishi unaoonyesha shilingi 300,000, pamoja na ushahidi kwamba pesa hiyo ndiyo inayoingia benki au kwenye simu, una nguvu kuliko makadirio ya mtu aliyepita kwa dakika kumi. Ongeza pango la majirani wawili au watatu wenye vyumba kama vyako, vipimo ulivyochukua mwenyewe kwa mita, na picha zenye tarehe. Usipunguze ukweli. Mkataba wa uongo ukigundulika, hata yale makosa ya kweli ya mthamini hayatasikilizwa tena, na utakuwa umejitafutia kesi.

Katika barua ya pingamizi usiandike kwamba maisha ni magumu. Ni kweli ni magumu, lakini mahakama ya uthamini haipimi ugumu wa maisha, inapima pango. Andika namba ya jengo katika orodha, thamani iliyoandikwa, thamani unayoona ni sahihi, na kwa nini, chumba kwa chumba. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Misamaha nayo ina mipaka yake. Nyumba za ibada, makaburi, na taasisi za hisani na za elimu zenye sura ya umma zimo katika orodha ya wasiotozwa, pamoja na makazi rasmi ya Rais na ya viongozi wa jadi. Kwa mfanyabiashara, msamaha unaomgusa hasa ni ule wa nyumba anayoishi mwenyewe. Wengi wetu tunaishi juu au nyuma ya duka. Usiache jengo zima liandikwe kama la biashara. Eleza mapema, kwa maandishi, ni vyumba vipi unavyolala na familia, ili vitenganishwe na vile vinavyoingiza pesa. Kinyume chake pia ni kweli. Siku ukihamia kwingine ukapangisha vyumba hivyo, msamaha huo umekwisha.

Ukiwa mpangaji usidhani hayakuhusu. Anayedaiwa kisheria ni mwenye jengo, lakini soma mkataba wako: wapo wanaomsukumia mpangaji kodi ya majengo kwa mstari mmoja mdogo chini ya ukurasa wa pili. Na mwenye jengo akikaidi, halmashauri inaweza kuwafuata wapangaji na kutaka pango lielekezwe kwake mpaka deni liishe. Ikikutokea hivyo, dai karatasi rasmi na utunze kila risiti, maana mwenye nyumba atakuja kukuuliza pango lake.

Aliyepitwa na siku 30 hajafungiwa kila mlango, ingawa milango iliyobaki ni myembamba. Kati ya orodha moja na nyingine hutolewa orodha za nyongeza, kwa majengo mapya na kwa yale yaliyobadilika. Jengo likiungua, likibomolewa upande kupisha barabara, au likibadilishwa matumizi, andika kuomba lithaminiwe upya. Usisubiri wao wagundue. Makosa ya wazi, kama jina kurudiwa, yapeleke mara moja kwa barua. Na ikiwa fedha haipo, omba kwa maandishi kulipa kwa awamu kabla ya tarehe ya mwisho, kwani deni likichelewa hukua, na linaweza kupelekwa mahakamani.

Ile asilimia nayo haikuteremka kutoka mbinguni. Madiwani huipitisha, na mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, hivyo mazungumzo ya bajeti hufanyika miezi ya kabla. Chama cha wafanyabiashara kinachokwenda na hesabu mkononi mwezi Machi kina nafasi. Kinachokwenda Agosti kimechelewa. Wakienda, wasiache kuuliza jambo moja ambalo sheria imewapa haki nalo: angalau asilimia 75 ya kodi ya majengo inayokusanywa inapaswa kurudi kwenye huduma za eneo, yaani barabara, taa, mitaro, takataka na mipango miji. Kwa maoni yangu swali hili linastahili kuulizwa kwa sauti zaidi kuliko linavyoulizwa sasa. Watu hawachukii kulipa kama wanavyochukia kulipa huku mtaro mbele ya duka umejaa chupa na maji meusi.

Mama mdogo amelipa bili yake yote, ya chumba anacholala na ya kuta zisizo na paa. Barua yetu ya kurekebisha makosa ilipokelewa ikagongwa muhuri, na jibu tunalisubiri. Wakati huo huo alinunua utepe wa mita kumi, akamwita mwanawe, wakapima vyumba vyote, kimoja kimoja. Vipimo ameviandika kwa kalamu ndani ya daftari la shule lenye jalada la bluu, na kila mpangaji anayelipa sasa anasaini ukurasa wa pango mbele yake. Wiki iliyopita alinipigia tena simu, asubuhi kama kawaida yake. Alikuwa amewaona vijana wenye fulana za kuakisi wakishuka kwenye gari mtaa wa pili, akataka kujua kama awachemshie chai.